Mkono Unaojifunza Tena

Kuna swali ambalo wanafunzi wa theolojia hutuuliza kila tunapofika kwenye somo la mwanadamu, na washarika nao hutuuliza kwa maneno mengine wanapomuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi. Kama mwili unaweza kufundishwa, na kama ubongo wenyewe hubadilika kwa kufundishwa, Mungu anafanya kazi wapi? Siku hizi swali hilo limepata sura mpya, kwa kuwa wako wataalamu wasiotegemea mazoezi peke yake. Wanapitisha umeme kidogo kichwani ili mkono ujifunze vizuri zaidi. Tumeona vema tulitafakari jambo hili, na tuanze kwa kueleza linavyofanyika, maana hofu nyingi zinatokana na kutojua, na matumaini mengi nayo yanatokana na kutojua hukohuko.

Sehemu ya ubongo inayoongoza viungo imelala kama utepe juu ya kichwa, kwa kukadiria kutoka sikio hadi sikio. Upande wake wa kushoto huongoza mkono wa kulia, na wa kulia huongoza mkono wa kushoto. Ndiyo maana mtu akipata kiharusi upande mmoja wa ubongo hupooza upande wa pili wa mwili. Mwaka 1870, nchini Ujerumani, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa sehemu hiyo ya ubongo wa mbwa kwa nyaya zenye umeme, wakaona miguu ya upande wa pili ikitikisika. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba gamba la ubongo haliitikii umeme kabisa.

Miaka minne baadaye jambo hilo lilifanywa kwa mwanadamu, nasi hatupaswi kulipita haraka. Katika hospitali iliyoitwa Msamaria Mwema, mjini Cincinnati, Marekani, alilazwa mwanamke aitwaye Mary Rafferty. Kidonda cha saratani kilikuwa kimekula fuvu lake hata ubongo ukaonekana. Daktari Roberts Bartholow aliingiza sindano za umeme katika ubongo huo, akaona viungo vya upande wa pili vikisogea. Akaongeza nguvu ya umeme. Mgonjwa akashikwa na degedege, akapoteza fahamu, na baada ya siku chache akafariki. Bartholow aliyaandika hayo katika jarida la udaktari mwaka huohuo wa 1874, na madaktari wenzake wakamlaumu vikali. Tunaitaja habari hii kwa sababu elimu tutakayoieleza, ambayo kwa sehemu kubwa ni njema, imepita pia juu ya kichwa cha mwanamke huyo. Yule Msamaria wa mfano wa Bwana wetu hakumkuta mtu amelala njiani akawaza kwamba hapa pana nafasi ya kujifunza.

Njia za siku hizi hazifungui fuvu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku yenye nguvu ikiwashwa kwa ghafla juu ya kichwa inaweza kuzisogeza misuli ya mkono bila mtu kupasuliwa. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walitumia njia rahisi zaidi: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja juu ya sehemu inayoongoza mkono, nyingine kwenye paji la uso, na kati yake umeme wa miliampea 1 tu. Betri ndogo inatosha. Umeme huo ni hafifu mno, hauwezi kuusogeza mkono. Unachofanya ni kuziweka seli za ubongo katika hali ya kuitika kwa urahisi zaidi, au kwa ugumu zaidi, kulingana na upande unaoelekea, na hali hiyo hubaki kwa dakika kadhaa baada ya kifaa kuzimwa. Wakulima wataelewa. Ni kama mvua ya kwanza inayolainisha udongo, mvua hailimi.

Kisha wakaja kuuliza kama udongo huo uliolainika unazaa zaidi. Mwaka 2009 Janine Reis, Leonardo Cohen na wenzao, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, waliwafundisha watu wenye afya njema kubana kifaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada ili kusogeza alama kwenye kioo cha kompyuta, kwa usahihi na kwa haraka, siku 5 mfululizo. Baadhi walipewa umeme wa kweli. Wengine walifungwa vifaa vilevile, lakini umeme ukazimwa baada ya muda mfupi, wasijue. Wale wa umeme wa kweli waliwazidi wenzao, na miezi 3 baadaye walikuwa bado wamewazidi. Ila kilichotushangaza ni mahali tofauti hiyo ilipotokea. Haikutokea hasa wakati wa mazoezi. Ilitokea kati ya siku na siku, mikono ikiwa imepumzika na kila mtu akiendelea na mambo yake.

Sisi tuliolelewa na Injili ya Marko tunaukumbuka mfano wa mtu aliyepanda mbegu, akalala na kuamka, mbegu ikaota na kukua asijue ilivyokuwa. Hatusemi Bwana Yesu alikuwa anafundisha habari za ubongo. Tunasema tu kwamba mtu aliyeuzoea mfano huo hapaswi kushtuka akiambiwa kwamba hata katika kujifunza kubana kifaa kwa vidole viwili, sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati mwenye mkono hafanyi kitu.

Na hata pasipo umeme, ubongo hubadilika. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu ambao hawajawahi kupiga piano. Kwa siku 5, saa 2 kila siku, walijifunza zoezi la vidole vitano, na eneo la ubongo linaloongoza vidole hivyo likapanuka. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano likafanya zoezi hilo kwa kuwaza tu, bila kusogeza kidole. Eneo lao nalo likapanuka. Huo ndio unyumbufu wa ubongo: unachokirudia, hata kwa mawazo, kinaacha njia ndani ya nyama. Msomaji anayefikiri kwamba mawazo ya moyoni hayamdhuru mtu maadamu hayajatoka nje, na atulie kidogo hapo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wapo wanaosema kwamba ujuzi uliopatikana kwa msaada wa umeme si wa mtu mwenyewe. Ni wizi wa sifa. Hoja hii ina asili ya zamani. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki. Kwa maoni hayo kurudia ndiko kunakomfanya mtu kuwa alivyo; ukimpunguzia jasho la kurudia, umempunguzia na utu wake. Mnamo Septemba 1517, wiki chache kabla ya zile hoja 95, Martin Luther aliandaa hoja nyingine huko Wittenberg dhidi ya theolojia ya vyuo vya wakati wake, na ndani yake akampinga Aristotle mahali hapo hapo. Hatuwi wenye haki kwa kurudia matendo ya haki, alisema. Mtu hufanywa kwanza kuwa mwenye haki, ndipo hutenda ya haki.

Watu wengi humsoma Luther vibaya hapa, kana kwamba alidharau mazoezi. Luther alipiga kinanda cha nyuzi. Alijua vidole hufundishwaje. Alichokataa ni kuichukua kanuni ya vidole na kuipeleka mbele za Mungu. Juu ya mkono, Aristotle ana haki yake yote, na watafiti wa Göttingen na wenzao wamemwongezea ushahidi. Juu ya mwanadamu anavyosimama mbele ya Muumba wake, kanuni hiyo haitumiki. Tukizitenganisha sehemu hizi mbili, lile swali la wizi wa sifa linapungua ukubwa. Mtoto anayejifunza kuandika, mwalimu akaufunika mkono wake kwa mkono wa mwalimu ili wachore pamoja herufi ya kwanza, hajamwibia mtu. Wala hajaiba anayevaa miwani. Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba hawakuwa na kitu ambacho hawakukipokea. Nasi ambao tunakiri wokovu utokao nje yetu tungekuwa watu wa mwisho kuona aibu kwamba mkono nao umepokea msaada utokao nje.

Hata hivyo hatuwezi kuridhia kila kitu. Mwanariadha aliyekubali kushindana kwa kanuni fulani amewapa wenzake neno lake. Akitumia kifaa cha siri anavunja neno hilo, na hilo ni kosa lililo wazi bila kuhitaji theolojia. Vifaa vya namna hii vimekwisha kuuzwa kwa wanamichezo Marekani, na watu wengine hujitengenezea nyumbani kwa betri na nyaya. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa ubongo lilichapisha barua ya wazi kuwaonya watu hao, wakieleza kwamba umeme hauishii pale sponji ilipowekwa, na kwamba kinachoongezwa upande mmoja kinaweza kupunguzwa upande mwingine. Onyo la mwisho lina msingi. Mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford waliwafundisha watu alama mpya za namba. Umeme ulipowekwa sehemu moja ya kichwa, watu walijifunza upesi zaidi lakini wakashindwa kuzitumia alama hizo kwa wepesi wa mazoea. Ulipowekwa sehemu nyingine, ikawa kinyume chake. Tuna methali juu ya mwenye pupa, wala hatuoni haja ya kuongeza.

Kuna jambo zito kuliko hilo la sifa. Unyumbufu wa ubongo haujui mema na mabaya. Vidole vya mchomoa mifuko pale stendi vimejifunza kwa njia ileile vidole vya mpiga kinanda wa kanisani vilivyojifunza. Agostino, alipoeleza maisha yake ya zamani, aliyaita mazoea mnyororo, na alijua anachosema. Umeme ukilainisha udongo, unalainisha kwa mbegu yoyote itakayodondoka. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaotarajia kwamba siku moja wema wenyewe utaongezwa kwa betri. Mkono unaweza kufundishwa kutoa sadaka bila kusita, nao ukatoa ili mwenyewe aonekane. Dhambi kama Luther alivyoieleza ni mtu kujikunja kuelekea nafsi yake, na mtu aliyejikunja hivyo ataupokea ustadi wowote na kuutumia kwa faida yake. Mkunjo huo haumo katika utepe wa ubongo unaoongoza viungo.

Lakini tusije tukafanya kama mambo haya ni ya maabara za Ulaya na Marekani tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia watu waliopatwa na kiharusi katika Wilaya ya Hai na Dar es Salaam. Walipolinganisha watu wa umri uleule, kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai, na kilikuwa kikubwa hata kikilinganishwa na nchi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni sababu mojawapo kubwa. Hakuna mchungaji ambaye hajaingia katika nyumba ya namna hiyo: baba wa familia amekaa kwenye kiti, mkono mmoja umekunjwa kifuani, maneno yanatoka kwa shida, na ndugu wamegawanyika juu ya nani amemroga.

Katika nyumba hizo tumesikia fundisho ambalo ni lazima tulikatae waziwazi. Mgonjwa huambiwa kwamba akiendelea na mazoezi ya viungo anaonyesha kwamba hakuamini maombi. Husomewa habari za mtu mwenye mkono uliopooza katika sinagogi, ambaye Yesu alimwambia aunyoshe, naye akaunyosha. Na asipoweza, huambiwa imani yake ni haba. Wiki zinapita. Miezi ya kwanza, ambayo ubongo uko tayari zaidi kujipanga upya, inapita nayo, na mkono unakakamaa. Sisi tunasema hivi: Muumba aliyeuponya mkono ule mbele ya mkutano ndiye aliyeweka ndani ya ubongo uwezo wa kutafuta njia nyingine pale njia ya kwanza ilipoharibika. Anayemzuia mgonjwa kufanya mazoezi kwa jina la imani anaikataa kazi ya Mungu kwa kuwa inakwenda polepole. Hilo ni kosa la mafundisho, nalo lina gharama, na anayeilipa si mhubiri.

Je, vifaa vya umeme vingewasaidia watu hawa? Tujibu kwa uaminifu, maana hapa pana matangazo mengi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Marekani kwa watu 199 waliokuwa na udhaifu wa mkono baada ya kiharusi. Wote walifanya mazoezi na wataalamu kwa vipindi 18. Baadhi walipata sumaku ya kweli kichwani kabla ya mazoezi, wengine ya kuigiza. Miezi 6 baada ya matibabu, asilimia 67 ya wale wa sumaku ya kweli walikuwa wamepata nafuu yenye maana. Wale wa sumaku ya kuigiza walikuwa asilimia 65.

Tunaomba msomaji asizipite namba hizo haraka. Kwa waliotengeneza kifaa, zilikuwa habari mbaya. Kwa mama anayemuuguza mume wake asiye na kifaa chochote, ni habari njema kabisa: karibu watu wawili katika kila watatu waliendelea vizuri, kifaa kisifanye lolote. Walichoshiriki wote ni mazoezi, na mtu wa kukaa nao wakati wa mazoezi.

Haki yatutaka tuseme pia upande wa pili. Mwaka 2021 jaribio jingine, la watu 108 wa Marekani na Uingereza, lilitumia kifaa kinachowekwa kifuani na kutuma umeme kwenye neva ya shingoni. Waliopata umeme wa kweli na kupata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47, na wale wa kuigiza asilimia 24, na mwaka huohuo mamlaka ya Marekani ikaruhusu kifaa hicho kitumike. Kwa hiyo hatusemi umeme ni bure, na tungefurahi siku ambayo hospitali zetu zitakuwa na chochote kilichothibitishwa. Angalieni tu kilivyotumika kliniki: mgonjwa alipofanya tendo, mtaalamu aliyekuwa pembeni yake alibonyeza kitufe, na umeme ukapita wakati huohuo. Hata kifaa hicho kilihitaji mtu wa kutazama.

Mtu huyo ndiye anayekosekana kwetu. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni ghali, na mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi yenye michoro ya mazoezi ambayo baada ya juma moja imewekwa chini ya godoro. Kurudia tendo moja mara mia kwa siku, kushika kikombe, kukiachia, kukishika tena, ni kazi ya upweke na ya kuchosha, tena inaaibisha mtu mzima. Jumuiya zetu huja kumtembelea mgonjwa Jumamosi, zikaimba, zikaomba, zikanywa chai, zikaondoka. Tunauliza kama robo saa ya ziara hiyo isingeweza kutumika kumhesabia. Kwanza mtaalamu aonyeshe zoezi lipi linamfaa na lipi litamwumiza bega, baada ya hapo hata mjukuu wa miaka tisa anaweza kukaa mbele ya bibi yake na kusema, “Bibi, bado kumi.” Luther aliwafundisha watu kwamba Mungu huutunza ulimwengu kwa mikono ya watu wa kawaida, mwoka mikate, mkamuaji wa ng'ombe, baba anayefua nepi. Anayehesabu vikombe yumo katika orodha hiyo.

Wako ambao mkono wao hautajifunza tena. Asilimia 67 ina wenzake 33, na hao tunawafahamu kwa majina. Walifanya mazoezi, waliomba, waliombewa, na mkono ukabaki umekunjwa. Kwao neno kwamba ubongo una unyumbufu linaweza kugeuka sheria mpya, ngumu kama ile ya mhubiri wa imani haba: ungejitahidi zaidi ungepona. Hatuna ruhusa ya kuwaambia hivyo, kwa jina la Mungu wala kwa jina la sayansi. Wanapofika kwenye Meza ya Bwana, wengine kwa kuegemea bega la mtoto wao, wengine mchungaji huwafuata kwenye benchi. Hawawezi kukinga viganja, kwa hiyo mkate huwekwa kinywani, na kikombe hushikwa na mwingine. Kisha Jumatatu mjukuu huja na kikombe cha plastiki, wakajaribu tena, kwa kuwa vidole vikinyoshwa kila siku maumivu hupungua usiku.